Mireteni ya Katikati

Kisiwa cha Laiarahu
Jumapili, 4 Februari 1996

Kaire, mpwa wangu unayekula mshahara wa serikali,

Huku tu wazima, na mimi ni mzima kuwazidi wote. Kipimajoto cha shuleni kimeshuka hadi ishirini na tatu chini ya sifuri, Hilja wa dukani amemhamishia jogoo wake jikoni, na mimi natoka sauna kifua wazi nasimama kusoma gazeti uani. Feri imeganda bandarini tangu wiki ya Krismasi. Mwenyekiti wa halmashauri yetu anakaa ofisini na kofia ya manyoya kichwani, anangoja simu kutoka ofisi yenu ya barabara imwambie kama bahari imeganda. Angechungulia dirishani angeiona.

Mimi sikungoja. Jana nimefungua njia ya juu ya barafu kuja kwenu.

Nilikata mireteni mia, mibichi na majani yake ya sindano, nikaipakia kwenye sleji ya kuburuta, nikaondoka na mtaimbo wangu. Kila hatua hamsini natoboa tundu, nachomeka mti, namwagia maji, unaganda kama umeota hapo. Kisiwa kinapanda nusu yake, bara wanapanda nusu yao, mnakutana juu ya mkondo na kunywa funda moja moja. Ndivyo alivyofanya babu yako, na babu yake. Upande wenu alikuja Evald. Tulikutana katikati kabisa, penye maji ya kwenda mbio chini. Nikamwambia, "Evald, nimekungoja mpaka ndevu zimeota." Akasema, "Ndevu unazo tangu ubatizo." Tukanywa bia yangu ya nyumbani, tukapeana mikono, kila mtu akarudi kwao. Mnaweza kuja na piano.

Ninyi na keekee zenu za kutobolea na madaftari yenu mtafika mwezi Machi na kutangaza kwamba bahari ni ngumu. Mimi sikumaliza darasa la saba, lakini barafu naijua kwa pua. Usisahau nani alimtoa farasi Raudik majini mwaka hamsini na sita, mvulana wa miaka kumi na mitano, huku baba ameshika kamba tu. Muulize mama yako. Alikuwa amesimama ufukweni na soksi moja.

Bibi yako Miina hajambo. Jana amekula samaki watatu wa moshi na kugombana na redio kuhusu waziri mkuu.

Ni mimi mjomba wako,
Valdur


Pihlaranna
Ijumaa, 9 Februari 1996

Mjomba Valdur, shikamoo.

Barua yako mama aliifungua kabla sijavua koti. Ameisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Sasa anataka kuja.

Unajua hali yenyewe. Ndege ya posta ina viti vinne, na halmashauri na wagonjwa ndio wa kwanza. Mama ameandikishwa nafasi ya tarehe mosi Machi. Tangu Krismasi anasema anataka kumwona Bibi, na kila nikimwambia angoje feri ananitazama kama mtu niliyemuuzia viatu vya mguu mmoja.

Wapimaji wetu walikuwa baharini tarehe mosi mwezi huu. Karibu na pwani ni sentimita ishirini na sita. Kwenye mkondo waliishia pembeni: sentimita tisa, wakarudi. Tangazo la kufungua njia nimeshaliandika kwa mashine, na lile la kila mwaka kwamba mikanda ya gari isifungwe, ili mtu awahi kutoka barafu ikipasuka, na mtu asisimame njiani, lakini tarehe iko wazi mpaka mkondo ufike ishirini na mbili. Kwa waendao kwa miguu hawatoi namba. Wanasema hapana, basi.

Nilimsomea mama. Akasema, "Hivyo ni vipimo vya watu wasio na kaka."

Na Evald naye yuko kwenye foleni ya mkate kila asubuhi anaeleza mlivyokutana mkondoni na kunywa. Mama anasema ninyi wawili hamjawahi kukubaliana hata kuhusu saa, na sasa mmekubaliana, kwa hiyo ni kweli.

Mjomba, niambie mimi peke yangu. Mkondo ukoje? Na Bibi yukoje? Hilja alimwambia mama kwenye simu kwamba wiki hii hajamwona Bibi dirishani. Nenda dukani, nipigie ofisini. Niko mpaka saa kumi jioni kila siku.

Mpwa wako,
Kaire


Laiarahu
Jumatatu, 12 Februari 1996

Kaire,

Simu ya Hilja siipendi. Imewekwa kati ya pipa la siagi na benchi ambalo wanaume wanne wamelikalia tangu shamba la ushirika lilipovunjwa, na neno ukilisema pale linafika kanisani kabla hujarudisha mkono wa simu. Barua ina heshima yake.

Mkondo uko kama mkondo. Barafu ni kama mtu, siku moja iko hivi, siku nyingine vile. Upepo umegeukia kusini, na goti langu la kushoto, ambalo profesa mmoja wa Tartu alitaka kulinunua kwa ajili ya utabiri wa hali ya hewa, linaniambia kutakuwa na ukungu. Kwa hiyo ningekuwa mama yako nisingekuwa na haraka. Sisemi kitu. Nasema tu mwezi Machi ni mzuri, jua linakuwepo, mtu anavuka anaona mandhari.

Mwambie pia kwamba Bibi mwenyewe amesema: "Leili asije, mimi niko vizuri." Maneno yake hayo, neno kwa neno. Jana tena alitaka kucheza polka nikamwambia sakafu ni ya zamani.

Kingine kidogo tu. Evald huko kwenye foleni alisema hasa nini? Alisema tulikunywa nini?

Mjomba wako,
Valdur

Barua hii inawahi ndege ya leo.


Pihlaranna
Jumatano, 14 Februari 1996

Mjomba,

Sijui uliandika barua ile kwa nia gani, lakini imefanya kazi kinyume. Mama alipofika pale Bibi anaposema asije, aliiweka mezani. Akasema, "Mama yangu hajawahi kumwambia mtu asije. Hata mtoza kodi alimkaribisha supu. Ama amekufa, ama anakufa, na Valdur anacheza polka."

Anaondoka kesho saa tatu asubuhi. Amefunga mkate mweusi, kitabu cha nyimbo na soksi za sufu za Bibi. Anasukuma kile kiti chake cha kuteleza, cha vyuma virefu, ili akichoka aweke mzigo. Hataki nimsindikize, anasema mtu mmoja ana uzito mdogo kuliko wawili. Kwa hiyo hata yeye ana mashaka, ila anaiamini mireteni yenu. Anasema, "Nitatoka mti mpaka mti. Kaka yangu amepita."

Umeuliza Evald alisema mlikunywa nini. Nilimfuata nyumbani kwake nikamuuliza. Akasema vodka yake. Nikamwambia wewe uliandika bia yako ya nyumbani. Aliweka kikombe cha chai chini, akatoka nje bila kofia, akasimama akiangalia bahari. Mkewe akaniuliza nimemwambia nini mumewe. Mama nikampa habari hiyo hiyo, akajibu kwamba wanaume husahau walichokunywa, ndiyo sababu wanakunywa.

Nimepiga simu dukani mara tatu leo. Hilja anasema amekutumia salamu mara tatu na hujaja.

Mjomba, nani alivuka mkondo?

Barua hii nampa rubani mkononi. Ndege ikitua tu, nipigie.

Kaire


Laiarahu
Ijumaa, 16 Februari 1996

Kaire, mpwa wangu,

Mama yako amefika nyumbani kwa miguu yake, hilo unalijua. Nakuandikia ambayo huenda hajakuambia, maana namjua dada yangu, atakaa nayo wiki nzima akichambua viazi.

Rubani alinipa barua yako jana saa tatu na nusu. Hakuzima hata injini, ukungu ulikuwa unaingia. Niliisoma nimesimama dukani. Wale wanne walikuwa benchini, na mmoja akasema, "Kapteni wa barafu kaandikiwa barua ya mapenzi." Nikawaambia, "Mimi sikuvuka mkondo. Sikukutana na Evald. Nilisema uongo. Hilja, piga simu ofisi ya barabara." Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke. Hilja alinyanyua simu bila kunitazama, lakini mama yako alikuwa ameshaingia baharini na simu haina miguu.

Nilichukua ndoo ya bati na mtaimbo, nikaenda. Nilikimbia, Kaire. Miaka hamsini na mitano na goti hili.

Sikiliza ilivyokuwa ile Jumamosi. Nilipanda mti wa sabini na nne, nikaufunga utepe mwekundu kwa mbwembwe, nikapiga mtaimbo mbele. Pigo la pili ukazama mpaka kwenye ngumi, maji yakapanda juu ya viatu. Nikasimama. Ng'ambo, hatua kama mia tano, nikamwona Evald naye kasimama, mweusi kama nzi kwenye shuka, karibu na mti wake wa mwisho. Yeye ananitazama, mimi namtazama. Nikampungia mkono. Akanipungia. Kila mtu akageuka akaenda zake. Ndivyo tulivyokubaliana, bila neno hata moja. Nilijua yeye atasema nini kwenye foleni, na yeye alijua mimi nitasema nini benchini. Nilidhani siku mbili za baridi zitatusaidia na uongo utakuwa kweli wenyewe. Tumewahi kufanya hivyo, mwaka sabini na tisa na tena themanini na saba, na baridi ikatulipia.

Jana ukungu ulikuwa mzito, mti unaufikia ndipo unauona wa pili. Nilipofika kwenye utepe nikasimama nikapiga ndoo kwa mtaimbo. Nikinyamaza nasikiliza. Mara ya nne nikasikia chuma kikikwaruza barafu mbele yangu. Sio ng'ambo. Ndani ya pengo. Miti ya Evald ilikuwa imekwisha, mama yako akadhani mmoja umeanguka, akanyoosha moja kwa moja.

"Leili, simama hapo hapo."

"Nani?"

"Mimi."

"Sogea nikuone basi. Mbona umejificha kama mwizi wa kuku?"

"Usije. Barafu ni mbovu. Sikuvuka hapa, dada. Wala Evald hakuvuka."

Halafu akasema, "Mama amekufa, sivyo? Umekuja kunizuia nisimkute amelazwa."

"Yuko hai."

"Toka lini wewe ukasema kweli? Umesema samaki watatu, umesema polka, sasa nakaribia kufika ndio unasema usije." Na nikasikia chuma tena. Msukumo mmoja. Barafu ikalia, sauti ndefu, ikapita chini ya miguu yangu ikaenda nyuma.

Nilikuwa na maneno yote, Kaire. Unanijua. Nimewahi kumfanya waziri asahau hotuba yake. Na hakuna neno hata moja nililokuwa nalo ambalo dada yangu angeliamini, kwa sababu yote nilishayatumia.

Nikasema, "Leili, Raudik sikumtoa mimi."

Chuma kikanyamaza.

"Umesema nini?"

"Farasi. Baba alimtoa peke yake. Barafu ilipopasuka mimi nilikimbia, nikajichimbia kwenye rundo la nyasi la jirani. Niliporudi farasi alikuwa nchi kavu na baba amevunjika vidole viwili kwa kamba. Baba akaniambia, sema tulikuwa wawili, usije ukaaibika kijijini. Nikasema tulikuwa wawili. Alipokufa nikasema nilikuwa peke yangu."

Kisha akasema, taratibu, "Ulikuwa unalia siku ile. Nikadhani unavililia vidole vya baba."

"Hapana."

"Nifanye nini, Valdur?"

"Kiache kiti. Lala kifudifudi, tandaza mikono, rudi kwa tumbo juu ya alama zako mwenyewe. Usiinuke mpaka ushike mti."

Nilimsikia akilala. Nilisikia koti lake likiburuta. Katikati ya kuburuta akauliza, "Mama kweli?"

"Hai. Ila hajala kitu tangu Jumapili ile ya barua ya kwanza. Samaki nilikula mimi."

"Mwambie nilifika hapa," akasema. "Mwambie nilifika mpaka hapa."

Baadaye ikaja sauti ya mwanamume kutoka upande wenu: "Nimemshika, Valdur." Evald. Alikuwa amemfuata, na kamba begani. Kwa hiyo ni swali lako la bia na vodka lililomtoa ndani.

Leo ukungu umeinuka. Nimekwenda kwenye utepe kuangalia. Kiti cha mama yako hakipo. Pana duara la maji meusi, kubwa kama meza, na soksi moja ya sufu pembeni yake. Sikuweza kuifikia.

Bibi nilimweleza jana hiyo hiyo, nimekaa kitandani pake, viatu vimelowa. Nilimweleza na la farasi. Hakufungua macho. Akasema, "Nguo zenu siku ile nilifua mimi. Za baba yako zilijaa chumvi. Zako zilijaa nyasi kavu." Miaka arobaini alikuwa ananisikia nikisimulia, ananimiminia maziwa ya mgando, hakusema.

Halafu akauliza kama Leili yuko mbali. Nikamwambia, hatua mia tano.

"Si mbali," akasema.

Ni mimi,
Valdur


Pihlaranna
Jumatano, 21 Februari 1996

Kaka Valdur,

Hilja alinipigia Jumapili, mama alipofariki. Alisema ulikuwa umemshika mkono na kwamba ulimweleza tena nilifika mpaka wapi. Nakushukuru kwa hilo.

Kwa mengine nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka Pasaka, baada ya hapo tutaona. Nakukasirikia zaidi kwa ile simu uliyokataa kwenda kuipokea kuliko kwa ule mkondo. Mkondo uliuogopa kwa haki.

Msimzike. Mwekeni ghalani, baridi itamtunza. Kaire anasema baridi imerudi na mkondoni jana walipima sentimita kumi na tisa. Wanatarajia kufungua njia Jumamosi, siku ya sikukuu ya taifa. Wataweka fito zao za plastiki.

Mimi sifuati plastiki. Pale katikati nataka mireteni, na nataka ipandwe na mtu ninayemjua. Ukiwa tayari nitakuja. Usiwe tayari kabla hujawa tayari.

Usiniandikie habari ya kitu kingine chochote.

Leili


Laiarahu
Jumamosi, 24 Februari 1996

Dada Leili,

Jana mkondoni ilikuwa sentimita ishirini na nne. Nilitoboa mwenyewe, na wapimaji wakatoboa baada yangu wakaandika namba hiyo hiyo.

Miti ni tisa. Evald alianzia kwake, mimi kwangu. Wa tano tuliushika wote wawili. Hakuleta chupa, nami sikuleta.

Soksi niliipata, imeganda barafuni. Imekauka sasa. Mama amevalishwa zile nyeusi, lakini hii nimeiweka pembeni yake mpaka uje useme.

Bendera itapandishwa jua likichomoza, kwetu na kwenu pia. Najua wewe na Kaire mtakuwa uwanjani mnaimba. Wakati huo nitaipenyeza barua hii chini ya mlango wenu, halafu nitarudi kwenye mti wa tano na kusimama hapo mpaka nikuone.

Itazame bahasha. Haina stempu.

Valdur